Kovu la Kizibo cha Soda

Shiru, msichana anayenisuka pale Kangemi, akimaliza kusuka huchukua kiberiti akaunguza ncha za rasta moja moja ili zisifumuke. Harufu yake inakaa katikati ya nywele, plastiki na nyama, na mimi kila mara hugeuza uso dirishani mpaka amalize. Juzi sikuwahi kugeuka. Alikuwa amenishika bega la kushoto anisogeze kwenye mwanga, mkono wa blauzi ukapanda, na kidole chake kikatua pale pale.

"Anti, hii si ndio ile chanjo ya kitambo? Ile ya ndui?"

"Nani amekuambia habari za ndui?"

"Shosho yangu ako nayo. Anasema hata hii ndui ya nyani wanatangaza kwa redio ikifika hapa, nyinyi wazee mko sawa."

Nyinyi wazee! Siku nyingine ningemjibu. Lakini nilikuwa nimekuja kusukwa kwa ajili ya mazishi, na mtu anayekwenda kuzika hana haja ya kugombana na anayemshika kichwa. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa ametutoka huko Bungoma, na mimi nilikuwa nasafiri siku iliyofuata. Nilimwachia Shiru kichwa changu, nikafumba macho. Ile harufu na kile kidole vilikuwa vimekwisha kunipeleka mbali, hadi uani kwetu, kwenye jiko la makaa, nikiwa msichana mdogo ambaye meno ya mbele yalikuwa hayajarudi.

Niseme mapema kwamba kovu langu si la chanjo ya ndui. Mimi sikuchanjwa, na kwa sababu hiyo nilikaribia kujifukuza nyumbani kwetu.

Tuliishi Kangemi hii hii, upande unaoteremka kuelekea mtoni, katika chumba kilichogawanywa na pazia la maua. Baba alikuwa fundi wa mawe. Mama alishona katika duka la vitambaa la Mama Nilesh, kule Adams Arcade. Kaka yangu alikuwa Wafula, dada yangu Nekesa, na mimi, Nasimiyu, nilikuwa kitinda mimba, tena wa kushtukiza, niliyekuja Mama akiwa amekwisha kugawa nguo zote za watoto kwa majirani. Huenda ndiyo sababu nilikuwa mtoto wa kuhesabu mapenzi. Chapati ikikatwa niliangalia kipande changu na cha mwenzangu, na nikitumwa dukani nilijiuliza kwa nini ni mimi.

Mama akifua nguo Jumamosi alifunga leso kifuani na mikono yake ilibaki wazi. Juu ya mkono wa kushoto, karibu na bega, alikuwa na duara lililong'aa, limebonyea katikati, lenye vimistari vikikimbilia ukingoni. Nililipenda sana duara lile. Nikiwa na usingizi nililitafuta kwa kidole, na nikilipata nililala. Baba naye alikuwa nalo, kubwa zaidi. Wafula alikuwa nalo. Nekesa alikuwa nalo. Mimi nilikuwa na ile alama ndogo ya kwenye kigasha tu, ya chanjo ya kifua kikuu, ambayo kila mtoto wa shule anayo, na kwa hiyo sikuiona kuwa kitu.

Wafula ndiye aliyenifumbua macho. Tulikuwa tumegombania kiti.

"Wewe toka," akaniambia. "Kwanza wewe si wa hapa. Tulikuokota kwa soko. Ulikuwa ndani ya gunia ya sukumawiki."

"Uongo!"

"Uongo? Lete mkono. Yangu hii hapa. Ya Nekesa ile pale. Ya Mama unaijua. Yako iko wapi?"

Nilimtazama Nekesa anitetee. Nekesa alikuwa anakula muwa, akainua mabega tu. Watu wote wana ndugu wa aina hii na wengi wetu hupona. Lakini wengine huambiwa maneno hayo bila ushahidi, na mimi ushahidi ulikuwa kwenye mkono wangu mwenyewe, laini bila hata doa.

Nilianza uchunguzi. Kanisani, akina mama walipoinua mikono kusifu na mikono ya magauni ikateremka, mimi sikuwa nasifu. Mama Pasta alikuwa nalo. Mzee wa kanisa alikunja shati kupanga viti, naye alikuwa nalo. Hili lilinipa afueni kidogo, maana kanisa letu lilikuwa limejaa watu wa Bungoma na niliamini wote ni wa ukoo wetu. Mtu mmoja wa nje akiwa nalo, nilijiambia, basi Wafula ni mwongo.

Mtu wa nje nilimpata, na ndipo mambo yalipoharibika.

Siku za likizo Mama alinichukua hadi dukani. Kazi yangu ilikuwa kutambaa chini ya cherehani na sumaku nikiokota pini zilizoanguka. Nikiwa huko chini nilimwona Mama Nilesh akinyoosha mkono kuteremsha jora la kitambaa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kunukia iliki, na blauzi yake ya sari ilikuwa na mikono mifupi. Duara lilikuwa pale. Bonyeo katikati, vimistari ukingoni, sawasawa na la mama yangu.

Nilitoka chini ya meza na sumaku yangu iliyojaa pini.

"Mama Nilesh, wewe na mama yangu ni ndugu?"

Akacheka mpaka bangili zikalia. "Ndiyo, kabisa! Mimi na mama yako dada moja. Miaka mingi tuko pamoja hapa, sivyo, Mama Wafula?"

"Ni kweli, Mama," akasema mama yangu, akiwa na uzi mdomoni, bila kuinua macho.

Basi! Hata Mhindi ni wa ukoo wetu, mimi siyo. Sikushangaa hata kidogo kwamba mama yangu Mbukusu angeweza kuwa na dada anayevaa sari. Watu wazima walikuwa na mambo yao mengi ambayo sikuelezwa. Nilirudi chini ya meza nikalia kimya, nikiwa mwangalifu machozi yasidondoke kwenye pini zikaota kutu.

Pengine ningeishi na siri yangu hadi niisahau, lakini jioni moja Mama na Baba walikuwa wanakunywa chai, na mimi niko nyuma ya pazia nikicheza na vizibo vyangu vya soda. Nilikuwa na mkebe mzima wa vizibo. Ndivyo vilivyokuwa watoto wangu, ng'ombe wangu na sahani zangu.

"Dada yako ametuma neno," akasema Baba. "Anakuja."

"Najua anakuja kwa nini," akasema Mama. "Anataka tumpe mtoto akae naye."

"Si vibaya. Yuko peke yake."

"Sijasema ni vibaya."

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Wakubwa wameshazoea shule ya huku," akasema Baba. "Mdogo ndiye bado anaweza kuzoea."

Mama hakujibu, na mimi nilichukua ukimya wake kuwa ndiyo.

Kwetu jambo hili si geni wala si aibu. Mtu asiye na mtoto hupewa wa ndugu yake. Anamlea, anamsomesha akiweza, na mtoto huyo anatumwa dukani, anamchotea maji, na siku ikifika anamzika. Ni heshima kupewa na ni heshima kutoa. Lakini mtoto haoni heshima, anaona mfuko wake wa nguo umewekwa mlangoni. Nilielewa vizuri kwa nini ni mimi. Mwenye kutoa hutoa kile ambacho si chake hasa. Wafula na Nekesa walikuwa na muhuri, mimi nilikuwa mtu wa gunia la sukumawiki. Niliogopa mpaka tumbo likawa linaniuma kila asubuhi, na Mama akanipa dawa ya minyoo.

Dawa yangu mwenyewe ilikuwa ndani ya mkebe. Nilitazama kizibo cha soda, nikatazama bega la Mama, na nikaona ni kitu kimoja: duara, na meno madogo ukingoni. Nilianza kulala na kizibo kimebanwa kati ya mkono na ubavu. Asubuhi kilikuwa kimeacha alama nzuri kabisa, ya kumwonyesha mtu yeyote, lakini kabla uji haujapoa ilikuwa imefutika. Nilijaribu kufunga kwa kitambaa. Nilijaribu kukilalia kwa bega kwa namna ambayo siwezi kuieleza sasa na mifupa hii. Haikukaa.

Siku ya mgeni ilipofika, Mama alikwenda kumpokea stejini. Wafula na Nekesa walitumwa sokoni. Mimi niliachwa uani nipepee jiko makaa yakolee, maana kulikuwa na chapati za kupikwa. Nilipepea. Makaa yakawa mekundu. Nikachukua kizibo kimoja kwenye mkebe, nikakilaza juu ya makaa, na nikakiangalia kikibadilika rangi. Kisha nikakinyanyua kwa koleo, nikafumba macho, nikakibandika begani.

Ile harufu ndiyo iliyokuja kwanza, kabla ya maumivu. Maumivu yalipokuja yalikuja yote. Nilipiga yowe moja, nikalimeza lililofuata. Kizibo kilianguka chini na mimi nikakimbia ndani nikavaa sweta la shule, jua likiwaka, nikarudi kupepea jiko kwa mkono wa kulia. Ndani ya maumivu yale nilikuwa na furaha. Sasa na wajaribu kunitoa.

Sauti zikasikika kwenye kichochoro, Mama akaingia na mgeni.

Sikuwa nimewahi kumwona Mama Mkubwa, au niliwahi nikiwa kichanga. Alikuwa mrefu kuliko Mama, amebeba kuku kwapani na kikapu kichwani, na chupa ya asali imefungwa kwa ganda la mgomba. Na uso wake ulikuwa na vishimo, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, kama vumbi lililopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Wafula, aliyekuwa amefika na unga, alikodoa macho mpaka Mama akamfinya. Mama Mkubwa alijifanya hakuona. Nafikiri alikuwa amejifunza zamani kujifanya hivyo.

"Mpelekee mama yako mkubwa maji ya kunawa," Mama akaniambia, akaingia ndani kukanda unga.

Nilichukua jagi. Yeye akachutama kando ya mfereji wa maji machafu, akakunja mikono ya gauni mpaka mabegani, kwa kuwa vumbi la safari lilikuwa limemfika mpaka huko. Nilimimina kwa mkono wa kulia. Na kama nilivyofanya kwa kila mtu siku hizo, nikatazama. Bega la kushoto halikuwa na kitu. Nikazunguka upande wa pili, nikimwagia miguu yake maji. La kulia pia halikuwa na kitu.

"Maji yamekwisha?" akauliza.

"Mama Mkubwa, na wewe pia walikuokota?"

"Waliniokota wapi, mwanangu?"

"Kwa soko. Huna alama. Mama ako nayo, Baba ako nayo, hata Mama Nilesh. Wewe huna." Nikaweka jagi chini. Kitu fulani ndani yangu kilikuwa kimelegea kwa kumwona, na maneno yakamwagika yenyewe. "Mimi pia sikuwa nayo. Nimejiwekea leo ndio nisipeanwe. Lakini kama na wewe huna, basi ni sawa. Nitaenda na wewe. Sisi ni wa pamoja."

Alifuta mikono kwenye gauni, akalishika sweta langu pindoni akalivuta taratibu, na sufi ilikuwa imeshikana na kidonda. Hapo ndipo nilipolia sasa, kilio cha kweli, cha kamasi na kukosa pumzi.

Hakupiga kelele wala hakumwita Mama. Alimwaga maji ya baridi juu ya sweta mpaka likaachia lenyewe, akaendelea kumwaga, jagi baada ya jagi, akinong'ona Kibukusu ambacho hata sikukielewa chote. Kisha akafungua ile chupa aliyoileta zawadi, akapaka asali kwenye kidonda kwa kidole kimoja, kwa wepesi ambao sijauona kwa daktari yeyote. Akachana ukingo wa leso yake mpya akanifunga. Baada ya hapo akaketi kwenye ngazi ya mlango, akanipakata, mtoto mkubwa kama mimi.

"Sikiliza," akasema. "Hakuna mtu aliyeokotwa hapa. Unajua ndui?"

Nikatikisa kichwa.

"Tazama uso wangu. Hiyo ndio ndui. Nikiwa mdogo, watu wa chifu walikuja kijijini na daktari, wakichanja watoto kwa mkono. Watu wakasema hiyo dawa imetoka kwa ng'ombe mgonjwa. Na wakati huo kwetu ng'ombe walikuwa wanakufa, boma lilikuwa linanuka. Kukhu, mama yetu, akasema hawezi kuweka ugonjwa wa ng'ombe kwa mtoto wake wa kwanza. Akanificha ndani ya ghala ya wimbi. Akaniambia nisikohoe."

"Ukakohoa?"

"Sikukohoa. Nilikuwa mtoto wa kusikia. Walipita hapo nje, nikaona viatu vyao kwa nafasi ya fito."

"Na Mama?"

"Mama yako alikuwa mtoto wa mgongoni, alikuwa mtoni na shangazi. Wakawakuta huko, wakamchanja. Kukhu alilia kama kuna matanga. Kidonda kikajaa usaha, kikashika gamba, gamba likaanguka, ikabaki hiyo alama unaipenda. Halafu ndui yenyewe ikaja. Kwa mama yako ikapita kama haimjui. Kwangu ikaingia, ikakaa." Akakaza fundo la kitambaa changu. "Kukhu hakunificha kwa sababu hanipendi, unasikia? Alinificha kwa sababu ananipenda kushinda wote. Alijilaumu mpaka anakufa, na mimi nilikuwa nikimwambia, mama, mimi niko hai, nipe chakula."

Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake imejaa unga. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alikuwa ameona kitambaa, na kizibo chini, na koleo.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mbona mimi hukuniwekea?"

Mama alishuka ngazi akachutama mbele yetu.

"Nilikupeleka," akasema. "Kliniki, ukiwa mdogo hivi. Wewe ndiye wa mwisho, nilitaka uwe sawa kama wengine. Nikakunja nguo, nikamshikia nesi mkono wako. Akaniambia, mama, hiyo hatuweki tena, huo ugonjwa umeisha dunia nzima. Nikamwambia aweke tu. Akakataa. Nikagombana na yeye, Nasimiyu. Nikamwambia aangalie vizuri kwa friji, pengine imebaki moja." Alicheka na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. "Halafu nikakaa kwa benchi na wewe. Ugonjwa umeisha. Nikafikiria dada yangu. Nikalia mpaka wakaniletea maji, walidhani nimepewa habari mbaya."

Aliniwekea kiganja chenye unga shavuni. Kwa upande mmoja nilikuwa nimeegemea kifua cha Mama Mkubwa, kwa upande mwingine nimeshikwa na Mama, na sikuwa nimewahi kuwa wa watu kiasi kile. Mkono ulikuwa unawaka moto. Sikujali.

Sikuchapwa. Wafula aliitwa uani na Baba wakazungumza, na aliporudi alinipa chapati yake bila kunitazama. Baada ya chakula Baba alijiweka sawa kitini, kwa maana mambo haya yana utaratibu wake hata chumba kiwe kidogo vipi.

"Dada," akasema, "tunajua umekuja na neno. Tuko tayari kulisikia."

Mama Mkubwa alikunja leso yake iliyochanika. Sasa naelewa kwamba alikuwa amesafiri kutwa nzima na neno lile, na huenda alikuwa amelibeba miaka mingi kabla ya hapo, na kwamba kule nyumbani alikuwa ameshatandika kitanda cha pili. Nilikuja kukiona kitanda hicho baadaye. Kilikuwa kifupi, cha mtoto.

"Nilikuja na neno," akasema. "Lakini mtoto anayejichoma na moto ndio abaki kwao, huyo hahamishwi. Neno nimelirudisha. Huyu akae na mama yake. Akitaka, atakuja kunisalimia wakati wa likizo."

"Dada..." Mama akaanza.

"Nimesema."

Na akaomba chai. Mimi nilifurahi, furaha nzima isiyo na ufa, kama mtoto anavyofurahi akishinda. Siku alipoondoka nilimpungia ule mkono wenye kitambaa. Alipanda basi na kikapu kitupu, akageuka mara moja, akaniita kwa jina langu lote.

Nilikwenda likizo iliyofuata, kwa kuomba mwenyewe. Nikaenda na iliyofuata. Nililala kwenye kile kitanda kifupi mpaka miguu ikaning'inia, na baadaye tukalala pamoja kwenye chake. Alinifundisha kukama, kusonga ugali wa wimbi, na kutazama watu wanaokodoa macho mpaka waone haya wao. Na kila nilipofika, kabla ya salamu, kabla sijatua mzigo, alisema, "Lete mkono." Alipandisha mkono wa nguo, akaweka kidole gumba chake kwenye kovu, kikaingia barabara, na akauliza, "Chanjo yetu bado iko?"

"Iko."

"Basi karibu nyumbani."

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kidogo kuhusu chanjo ile, kwa kiherehere changu tu. Uvumi wa kule kijijini haukuwa wa uongo mtupu. Kirusi kilichotumika ni jamaa wa ndui ya ng'ombe. Lakini si cha ng'ombe hasa, na baadhi ya wataalamu wanadhani ni ndugu wa karibu wa ndui ya farasi, na kilitoka wapi hakuna mwenye hakika. Kilipitishwa kutoka mkono hadi mkono na maabara hadi maabara mpaka asili yake ikapotea, na ndicho hicho kisicho na kwao kilichowalinda watoto wa dunia nzima, wa Bungoma na wa kwa akina Mama Nilesh. Nilimweleza Mama Mkubwa tukichambua maharagwe. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Kwa hivyo nacho kiliokotwa," akasema.

Mama yangu alitangulia. Mama Mkubwa akabaki, akazeeka, macho yakaingia ukungu. Krismasi iliyopita hakunitambua kwa sura wala kwa sauti. Nilichutama mbele ya kiti chake, nikapandisha mkono wa nguo, nikauchukua mkono wake nikauweka begani. Kidole gumba kilitafuta kidogo, kikapata, kikatulia pale.

"Nasimiyu," akasema. "Umekula?"

Shiru alikuwa anachovya rasta kwenye maji moto nilipofungua macho, na simu ilikuwa inalia mapajani. Ni Wafula. Yuko huko nyumbani anasimamia mambo, mzee mwenye mvi sasa, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Wazee wamekaa," akasema. "Wanauliza nani atasimama upande wa watoto. Wanasema hakuzaa, wapitishe tu bila mtoto."

"Wewe umewaambia nini?"

"Nimewaambia wangoje kwanza nikupigie." Nilimsikia akivuta pumzi. "Wewe ulikuwa wake. Sisi wote tunajua."

"Waambie mtoto wake yuko njiani."

Nilikata simu. Shiru alikuwa amesikia, akawa ananipangusa shingo kwa taulo polepole zaidi kuliko kawaida yake. Ndipo nilipomwambia kwamba lile kovu si chanjo ya ndui, ni kizibo cha soda, nilikiweka mwenyewe kwa moto. Alilitazama tena, akaliinamia, akahesabu meno ya ukingoni kwa macho.

"Woi, Anti. Sasa hiyo inakusaidia na nini?"

Nilimuuliza kama fundi wa nguo wa duka la jirani bado hajafunga, kwa sababu gauni langu jeusi la mazishi lina mikono mirefu na nilitaka aikate yote, kabisa, mpaka begani.

"Kwa matanga? Huko ushago watakuongelea!"

"Waongee," nikasema. "Wakiita watoto wa marehemu wasogee mbele, nitasogea. Na atakayeuliza mimi ni wa nani, aangalie mkono."